Moyo Mmoja, Karatasi Tatu

Nakala ya kipindi cha afya

(Muziki wa kipindi, sekunde 15, kisha unashuka taratibu.)

Nawasalimu ninyi mnaotusikiliza Nyarugusu, Kakuma, Nakivale na Mahama, na ninyi mnaosoma nakala hii, iwe mmeikuta ubaoni pale zahanati au mmeletewa na mhudumu wa afya wa bloku yenu.

Leo sina mgeni studio. Nazungumza peke yangu, na nazungumza juu ya kipimo cha moyo kinachoitwa eko. Sitaeleza kila kitu kuhusu eko. Nataka tuongee jambo moja tu: unapimwa mara ya kwanza unaambiwa hivi, unapimwa mara ya pili unaambiwa vile. Ushike lipi?

Kwenye sanduku letu la maswali kuna karatasi mbili zinazouliza jambo hilo. Ya kwanza ni ya mama mmoja. Ameandika: "Mwanangu ana miaka 10. Mwaka jana walimpima wakasema mlango mmoja wa moyo wake unavuja, akaanzishwa sindano ya kila mwezi. Mwaka huu wamempima tena wakasema ni kawaida. Sindano inamuuma sana na analia. Je, niache kumpeleka?"

Ya pili ni ya baba. Yeye ameandika kwa ufupi: "Nina ugonjwa wa moyo. Karatasi ya kwanza ilisema 30, ya pili 45, ya tatu 38. Nimepona au nimezidiwa? Na kama hawajui, kwa nini nimeze dawa?"

Mama, baba, asanteni kwa kuuliza. Maswali haya nayajua. Hata nyumbani kwetu tuliwahi kuyauliza, na tulijijibu vibaya. Nitawaeleza hayo baadaye kidogo. Kwanza tukielewe kipimo chenyewe.

(Muziki mfupi.)

Eko ni ultrasaundi, ndugu ya kile kipimo wanachopimwa akina mama wajawazito. Unavua nguo ya juu, unalalia ubavu wa kushoto, unapakwa jeli ya baridi, halafu mtaalamu anapitisha kifaa kidogo juu ya kifua. Kifaa kile kinatoa mawimbi ya sauti ambayo sikio la mtu haliwezi kuyasikia. Mawimbi yanaingia kifuani, yanagonga moyo, yanarudi kama mwangwi unavyorudi ukipiga kelele mbele ya mlima. Mashine inaugeuza mwangwi huo kuwa picha inayocheza. Hakuna mionzi kama ya eksirei. Hakuna kuchomwa. Ukirudiwa mara 10, hakikudhuru.

Katika picha ile mtaalamu anaangalia vyumba 4 vya moyo, na valvu 4, yaani milango ambayo damu inapitia. Mlango mzuri unafunguka wote na kufunga wote. Mlango mgonjwa unaweza kuvuja, damu ikarudi ilikotoka. Au unaweza kuwa mgumu, damu ikapita kwa shida. Anaangalia pia nguvu ya moyo kusukuma damu.

Sasa naomba tushike jambo hili. Eko si kama mizani ya kupimia unga siku ya mgao. Kwenye mizani unaweka mfuko, namba inajitokeza yenyewe. Eko ni picha, na picha ina mpigaji na ina msomaji. Kumbuka picha uliyopigwa siku ya kuandikishwa, umechoka, una vumbi, macho mekundu. Halafu kumbuka picha uliyopigwa kwenye harusi ya ndugu yako. Mtu ni wewe yule yule. Lakini mgeni akiziona picha hizo mbili anaweza kusema hao ni watu wawili.

Kwa hiyo matokeo ya eko mbili yakitofautiana, usikimbilie kusema mmoja amekudanganya. Wala usikimbilie kusema umepona. Uliza kwanza tofauti imetoka wapi. Kuna mahali patano inapoweza kutoka.

Mahali pa kwanza ni mashine na picha yenyewe. Kuna mashine ndogo ya kubebwa mkononi, ile wanayokuja nayo madaktari wanaozunguka kambini. Inasaidia sana, lakini haioni kila kitu. Kuna mashine kubwa ya hospitali ya rufaa, inayoona zaidi na kupima zaidi. Halafu kuna kifua cha mgonjwa mwenyewe. Sauti haipiti vizuri kwenye mbavu wala kwenye hewa ya mapafu. Mtu mwenye mwili mkubwa, mtu anayehema kwa shida, mtoto anayelia na kujinyonganyonga, picha zao zinaweza kuwa na ukungu. Ukiona karatasi imeandikwa kwamba picha hazikuwa nzuri, maneno hayo ni muhimu. Yana maana kwamba msomaji alisoma kwenye ukungu.

Mahali pa pili ni mkono na jicho. Mtaalamu akikiinamisha kifaa kidogo tu, anauona moyo kwa upande mwingine. Na katika kusoma, kuna anayekadiria kwa macho, kuna anayechora mistari kwenye kingo za chumba cha moyo ili mashine ihesabu. Hata mtu mmoja akisoma picha ile ile leo na wiki ijayo, anaweza kutoa namba mbili tofauti kidogo. Hiyo haina maana kwamba hajui kazi. Ndivyo kipimo chenyewe kilivyo.

Mahali pa tatu ni mwili wako wa siku ile. Hapa sisi wa kambini tusikilize vizuri. Presha ikipanda, mlango wa kushoto unaovuja unaweza kuvuja zaidi. Presha ikishuka, kwa mfano umetapika, umeharisha au hujanywa maji ya kutosha, mlango ule ule unaweza kuonekana unavuja kidogo. Homa inaupeleka moyo mbio. Upungufu wa damu, ule unaobaki baada ya malaria kali, nao unaupeleka mbio. Mimba nayo inaongeza kazi ya moyo. Mtu aliyeamka saa 10 usiku kuwahi gari la rufaa, hajala, hajanywa, ana hofu ya mji asioujua, siku hiyo moyo wake haufanyi kazi sawa na siku aliyolala vizuri. Na mtu ambaye mapigo yake hayana mpangilio, mara haraka mara taratibu, mtaalamu inabidi apime mapigo kadhaa na kutafuta wastani. Akipima pigo moja tu, anaweza kupata namba isiyo ya kweli.

Mahali pa nne ni moyo wenyewe kubadilika kweli. Dawa zimefanya kazi, moyo umepata nafuu. Au ugonjwa umeendelea, moyo umedhoofika. Hilo lipo, na ndiyo sababu wanakurudisha kupimwa. Kipimo kisingekuwa na uwezo wa kuonyesha mabadiliko, kusingekuwa na haja ya kukirudia.

Mahali pa tano haliko kwenye mashine wala kwenye moyo. Ni lugha. Karatasi imeandikwa kwa Kiingereza, au kwa Kifaransa kama ulipimwa kule Kongo au Burundi. Daktari anasema kwa lugha yake, mkalimani anageuza kwa Kiswahili, shangazi anageuza tena kwa Kibembe au Kirundi ili bibi aelewe. Kila mkono unaopokea unadondosha kitu. Na sisi wenyewe tuna maneno mawili ya hatari. La kwanza ni "kidogo". Daktari anasema mlango unavuja kidogo, akiwa na maana kwamba ugonjwa upo, ila uko ngazi ya chini. Sisi tunasikia: ni kidogo, si kitu. La pili ni "kawaida". Linaweza kuwa na maana kwamba moyo ni mzima kabisa. Linaweza kuwa na maana kwamba hakuna kipya, uko vile vile. Linaweza kuwa na maana kwamba hii ni hali ya kawaida kwa mgonjwa kama wewe. Hizo ni habari tatu tofauti ndani ya neno moja.

(Muziki mfupi.)

Baba uliyeuliza kuhusu namba, sasa nakujia wewe.

Namba hizo, 30, 45 na 38, kwa kawaida ndizo zinazoandikwa kwenye karatasi mbele ya herufi E na F. Ni asilimia. Chumba kikubwa cha kushoto cha moyo kinajaa damu, halafu kinajikaza na kuisukuma iende mwilini. Hakisukumi yote. Kikijaa kikombe kizima, moyo mzima unasukuma zaidi kidogo ya nusu kikombe. Kwa hiyo usitafute 100. Mtu mwenye moyo mzima kwa kawaida anakuwa kati ya 55 na 70, na wengine wanaanzia kuhesabu kwenye 50. Namba ya 40 kushuka chini ina maana moyo una udhaifu wa kusukuma. Katikati ya hapo ni udhaifu mdogo.

Sasa, kwa eko ya kawaida, watu wawili wanaweza kumpima mgonjwa mmoja wakatofautiana kwa pointi 5 na hata 10, na moyo haujabadilika chochote. Kwa hiyo tuziangalie namba zako. Kutoka 30 hadi 45 ni pointi 15. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko ile ya mkono na jicho. Kama na mwili wako ulikubaliana nayo, yaani miguu ilipungua kuvimba na ukaanza kulala bila kuweka mito mitatu, basi inaelekea dawa zilikusaidia kweli. Kutoka 45 kwenda 38 ni pointi 7. Hiyo inaweza kuwa mkono na jicho tu. Inaweza pia kuwa mwanzo wa kurudi nyuma. Namba peke yake haiwezi kukuambia. Waulize kama walipimwa kwa njia moja. Jiulize mwenyewe: miguu imeanza kuvimba tena? Naishiwa pumzi nikipanda kile kilima cha kwenda bombani? Niliruka dawa siku ngapi?

Na swali lako la mwisho, kwa nini umeze dawa. Nikueleze jambo lililofanyika Uingereza, likachapishwa mwaka 2018. Walichukuliwa watu 51 ambao moyo wao uliwahi kutanuka na kudhoofika, wakatumia dawa, na eko ikaonyesha moyo umerudi vizuri. Kwa macho ya karatasi walikuwa wamepona. Watu 25 wakapunguziwa dawa polepole mpaka wakaacha, chini ya uangalizi wa karibu. Watu 26 wakaendelea kumeza. Ndani ya miezi 6, katika wale 25 walioacha, 11 moyo uliharibika tena. Katika wale 26 walioendelea, hakuna hata mmoja. Maana yake ni kwamba baadhi yao moyo ulikuwa mzuri kwa sababu dawa ilikuwa imeushikilia. Baba, karatasi nzuri isikufanye uache dawa. Na karatasi mbaya isikufanye uikatie tamaa. Dawa inabadilishwa na daktari aliyeziona karatasi zote tatu.

(Muziki mfupi.)

Mama wa mtoto wa miaka 10, nawe nakujibu. Na hapa ndipo ninapolazimika kuwaambia habari ya nyumbani kwetu.

Nina mdogo wangu wa kike. Alipokuwa na miaka 11 aliumwa koo, likapona lenyewe. Wiki chache baadaye akapata homa, goti la kulia likavimba, likatulia, likavimba la kushoto. Tukadhani ni kuchoka kubeba maji. Walipokuja madaktari na ile mashine ndogo, wakampima eko. Karatasi ya kwanza ilisema valvu ya upande wa kushoto imekuwa nene ukingoni na inavuja kidogo. Akaanzishwa sindano ya penisilini, kila baada ya wiki 4.

Miezi 10 ikapita. Tukapata kibali na rufaa, mama akampeleka hospitali ya mjini. Akapimwa tena. Aliyempima alikuwa na watu wengi mlangoni. Alisema neno moja kwa Kiingereza, mkalimani akasema, "Ni kawaida." Ile karatasi ya kwanza mama alikuwa ameiacha nyumbani, chini ya godoro. Hakuna aliyeiulizia, na sisi hatukujua kama inahitajika.

Siku ile mama alichinja kuku. Na mimi nilifurahi, sitaki kusema uongo. Sindano tukaacha. Tuliona mtoto ameteseka vya kutosha.

Mwezi wa tano bila sindano akaumwa koo tena. Halafu homa. Halafu magoti. Halafu usiku mmoja akakaa kitandani akisema akilala pumzi inakatika. Eko ya tatu ilisema valvu inavuja kiasi cha wastani, na chumba cha juu cha kushoto kimeanza kupanuka. Mama alikasirika sana. Alisema, "Moyo ni mmoja, karatasi tatu. Wamenidanganya mara ngapi?"

Aliyetusaidia ni tabibu mmoja wa kambini. Alimwambia mama, "Nenda kalete zote tatu." Akazipanga mezani, moja pembeni ya nyingine, akazisoma mstari kwa mstari. Karatasi ya pili, ile ya kawaida, haikusema mlango hauvuji. Ilisema unavuja kidogo sana, na chini ilisema picha hazikuwa wazi. Ukingo wa valvu haikuutaja kabisa. Akasema, "Mama, kidogo na kidogo sana ni majirani. Tofauti ya karatasi ya kwanza na ya pili ni ya picha. Hii ya tatu ndiyo tofauti ya moyo." Mama akamuuliza umejuaje. Akajibu kwamba kwenye karatasi ya tatu mambo yamebadilika pamoja: uvujaji umeongezeka, chumba kimepanuka, na mtoto mwenyewe ana homa, ana magoti, hawezi kulala chali. Picha mbaya inaweza kubadilisha neno moja kwenye karatasi. Ugonjwa ukiendelea unaacha alama zaidi ya mahali pamoja, na mara nyingi mwili wa mgonjwa unasema hivyo hivyo.

Nimelibeba neno hilo mpaka leo, na ndilo nililokuja kuwaletea.

Mama, ugonjwa huu unaitwa homa ya rumatiki. Unaanzia kwenye koo linaloumwa kwa sababu ya bakteria. Kinga ya mwili inapopigana na bakteria hao, kwa baadhi ya watoto inageuka na kushambulia viungo na valvu za moyo. Unashika zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Kila koo jipya la namna hiyo linaweza kuleta shambulio jipya, na kila shambulio linaweza kuongeza kovu kwenye valvu. Sindano ya penisilini haifuti kovu la zamani. Kazi yake ni kuzuia bakteria wasipate nafasi tena. Ni kama mlinzi. Ukimwondoa mlinzi kwa sababu mwizi hajaonekana, umesahau kwamba mwizi hajaonekana kwa sababu mlinzi yupo.

Na hili halikupimwa mbali. Lilipimwa Gulu, kaskazini mwa Uganda, matokeo yakatoka mwaka 2021. Watoto 818 wa miaka 5 hadi 17, ambao eko ilionyesha dalili za mwanzo kwenye valvu bila wao kujisikia kuumwa, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja likapewa sindano ya penisilini kila wiki 4 kwa miaka 2. Lingine halikupewa. Eko zikarudiwa. Katika kundi la sindano, walioendelea kuwa wabaya walikuwa watoto 3. Katika kundi lisilo na sindano walikuwa 33. Makundi yalikuwa karibu sawa, kama watoto 400 kila upande.

Lakini kuna jambo lingine kutoka Gulu, na linakuhusu wewe mama. Karibu nusu ya watoto picha zao zilionekana nafuu baada ya miaka hiyo 2, na hilo lilitokea kwenye makundi yote mawili. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba eko ya pili ya mwanao ni ya kweli na mlango wake una nafuu. Sikatai. Ninachosema ni kwamba karatasi moja ya nafuu haitoshi kukuambia mtoto wako ni yupi: aliyepata nafuu ya kudumu, au anayesubiri koo lingine. Sindano hii inahesabiwa kwa miaka, si kwa karatasi moja, na siku ya kuiacha inapangwa na daktari. Mpaka hapo, mpeleke. Maumivu ya sindano yanaweza kupunguzwa: mwambie muuguzi aipashe joto kidogo kwa viganja, aichome polepole, na mtoto atulize mguu. Na kama mtoto amewahi kuvimba au kupata vipele baada ya penisilini, sema kabla hajachomwa.

(Muziki mfupi.)

Sasa tuingie kwenye ya kufanya. Chukua kalamu kama unayo, au mwite mtoto wa shule akuandikie.

Kwanza, tunza kila karatasi ya eko. Zote, hata ile unayoiona ni ya uongo. Ziweke kwenye mfuko wa plastiki pamoja na karatasi zako za utambulisho, pasipovuja mvua. Kama kuna simu nyumbani, zipige picha. Ukihamishwa kambi, ukirudi nyumbani au ukipelekwa nchi ya tatu, mfuko huo uende nawe.

Pili, nenda na karatasi za zamani kila unapopimwa. Mpe mtaalamu kabla hajaanza, umwambie, "Naomba ulinganishe na hii."

Tatu, ukiweza, rudi mahali pale pale ulipopimwa mwanzo. Najua kwetu haiwezekani kila mara, rufaa inakwenda inakopangwa. Lakini omba.

Nne, mwambie mtaalamu hali yako ya siku hiyo. Kama una homa, umeharisha, una mimba, umetoka kuugua malaria, umeruka dawa, mwambie. Kunywa maji kabla ya safari, isipokuwa daktari amekupangia kiasi cha maji.

Tano, usiondoke mpaka umeuliza maswali haya manne. Je, picha zilikuwa nzuri? Je, tofauti hii ni ya moyo au inaweza kuwa ya kipimo? Je, nibadilishe dawa au niendelee? Je, nirudi lini? Mwambie mkalimani ageuze jibu lote, asifupishe. Halafu wewe rudia ulivyoelewa, wakusikie. Kama umekosea, watakurekebisha hapo hapo.

Sita, usiache sindano wala kidonge kwa sababu ya karatasi peke yake, iwe nzuri au mbaya. Kwanza zilinganishwe.

Na kuna mambo ambayo hayasubiri karatasi yoyote. Ukiishiwa pumzi ukilala chali, miguu au tumbo likivimba, ukizimia, kifua kikibana, moyo ukienda mbio ukiwa umekaa tu, au mtoto mwenye ugonjwa wa valvu akipata homa na viungo kuvimba, nenda zahanati siku hiyo hiyo, hata usiku. Dada mwenye ugonjwa wa valvu akishika mimba, aseme mapema kliniki, asisubiri tumbo lionekane. Na mtoto yeyote anayeumwa koo na homa, apelekwe akaonwe. Koo linatibika kwa bei rahisi kuliko moyo.

(Muziki wa kufunga unaingia chini ya sauti.)

Mdogo wangu sasa ana miaka 14. Mlango wake bado unavuja kiasi cha wastani, haujazidi. Anasoma, anaimba kwaya, mpira wa mbio anauacha kwa sababu anachoka. Kila baada ya siku 28 anakwenda sindano, na mama ameandika tarehe kwa mkaa kwenye ukuta wa udongo, nyuma ya mlango. Zile karatasi tatu sasa zimekuwa tano. Ziko kwenye mfuko mmoja, hazilali tena chini ya godoro.

Siwezi kuapa kwamba tusingeacha sindano moyo wake ungebaki vile vile. Lakini najua tuliacha kwa sababu ya neno moja ambalo hatukuliuliza lina maana gani. Wewe uliza. Huna haja ya kuwa na aibu, na huna haja ya kujua Kiingereza.

Mama, baba, kama majibu haya hayajatosha, leteni tena kwenye sanduku. Na wewe mwenye mfuko wa karatasi za eko, uufungue leo, uzipange kwa tarehe, na wiki hii umpelekee tabibu azisome zote kwa pamoja.



(Muziki unapanda, kisha unakwisha.)